Tulikula, Tukasaza

Kila uchaguzi wa madiwani unapokaribia, senta yetu hujengwa upya kwa mdomo. Nimeshonea kwenye baraza ya duka la kona kwa miaka mingi, cherehani yangu ikitazama barabara, kwa hiyo hakuna mgombea aliyepita hapa bila mimi kumsikia. Mmoja alituahidi stendi. Mwingine akaahidi maji ya bomba mpaka kwenye meza za samaki. Aliyemfuata akaahidi vyote viwili na kuongeza taa za barabarani, na wakati anaahidi, choo cha soko kilikuwa shimo lililozungushiwa magunia, na mwanamke akitaka kuingia lazima aende na mwenzake wa kumlindia mlango usiokuwepo. Wote niliwashonea kofia. Kitambaa hakina chama, na mimi pia nilishaacha kuwa nacho.

Senta yenyewe iko juu mlimani, mwendo wa bodaboda kutoka Mbinga mjini. Ina mashine ya kusaga, maduka yaliyopakana, kinyozi, mama wa chapati, na katikati uwanja wa udongo mwekundu ambao ndio soko. Kiangazi udongo huo unaingia puani, mvua zikija unaingia ndani ya viatu. Wenye kahawa wakilipwa, senta huchangamka wiki chache, pikipiki mpya zinaonekana, na harufu ya nguruwe wa kukaanga inafika mpaka kanisani. Halafu inarudi kulala. Nimezaliwa hapa na siwezi kusema naipenda, ila nikiwa mahali pengine sijui nikae vipi.

Dada yangu mkubwa alikuwa na meza ya usipa pale sokoni. Usipa ni wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaoanikwa juani mpaka wanakauka, na sisi wa milimani tusipokuwa nao mboga ni maharage tu, mwezi mpaka mwezi. Dada aliwajua kwa sababu aliolewa ziwani, Lundo, na Mnyasa mmoja mpole aliyekuwa mvuvi. Hawakubahatika mtoto. Mume alipofariki, shemeji yake alimwachia nafasi ya kulala jikoni, na kazi ikawa kuanika samaki wa watu wengine tangu asubuhi. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alisahauliwa tu akiwa palepale mbele yao, na kwa mtu kama dada hilo lilikuwa baya zaidi.

Akapanda mlima akarudi kwetu. Wazazi walishakufa na mashamba ya kahawa wameshika kaka zetu, mimi nina chumba kimoja na watoto, na dada hakuwa mtu wa kuzeekea kwenye mkeka wa mdogo wake. Akaanza na ungo mmoja wa usipa chini ya mwavuli. Akiuza vizuri ananunua bati. Bati kwa bati akasimamisha kibanda cha nguzo za mirunda, karibu na njia ya kuingilia, akapanga chumba nyuma ya mashine. Akawa anashuka ziwani kununua mzigo na kupanda nao, na watu wakaacha kumwita mjane wa Lundo wakamwita mama usipa.

Adui wa usipa ni maji. Wakilowa wanaota ukungu, wananuka, na hata paka anawapita. Kwa hiyo paa kwa dada halikuwa pambo. Chini ya paa alikuwa mwanamke mwenye biashara yake, na bila paa angekuwa mke wa marehemu jikoni kwa shemeji. Mwenyewe alilisema waziwazi, tena kwa kucheka: kibanda kikianguka nitashuka Lundo, na nikishuka safari hiyo sitakuwa nafuata mzigo.

Mwaka ule tulipata wagombea wawili. Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu wa hapahapa aliyehamia mjini na kurudi na gari lenye vioo vyeusi. Mpango wake aliuchapisha kwenye bango kubwa, akalifunga kwenye nguzo ya umeme mbele ya mashine. Lilikuwa na picha ya soko la ghorofa, sakafu inang'aa, na nje minazi imepangwa kwa mstari. Minazi, huku kwetu tunakolalia mablanketi mawili. Watu walisimama kulitazama na sikumsikia hata mmoja akiuliza minazi hiyo itaotaje. Mama wa chapati aliuliza tu kama kwenye ghorofa wataruhusu kuni.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, mzee aliyefiwa na mke kama dada alivyofiwa na mume, aliyetufundisha wote wawili shule ya msingi. Fimbo yake bado tunaikumbuka. Hakuwa na bango. Alizunguka sokoni na kamba ya katani akipima, akiuliza kila muuzaji maji humwingilia upande gani. Mpango wake ulikuwa mfupi. Alitaka mfereji wa kuchepusha maji ya mlimani, choo chenye milango, na paa moja refu badala ya vibanda vilivyosimama kila kimoja kimegeukia kwake. Akipata udiwani, alisema, atakwenda halmashauri kudai sakafu na meza za saruji. Lakini mfereji na paa havihitaji halmashauri. Mabati yapo, yako juu ya vichwa vyenu. Mirunda ipo. Mikono ipo.

Nilimwamini, na mimi si mwepesi wa kuamini. Alikuwa mgombea wa kwanza kuniuliza jua linanipiga saa ngapi pale barazani.

Hata hivyo, siku aliyowakusanya wauzaji kuwaeleza, waliinua macho wakatazama mabati yao. Kuvunja paa lako mwenyewe kwa neno la mgombea si jambo dogo. Ndipo dada aliposimama, akajifunga khanga vizuri, akasema waanze na la kwake. Akasema amechoka kuona maji ya kibanda chake yakimwagikia nyanya za jirani, na ya jirani yakimwagikia usipa wake, halafu wote wawili wananuniana mpaka Pasaka. Watu walicheka, na baada ya kucheka wakakubali. Jioni nilimuuliza itakuwaje kama paa hilo refu halitaezekwa. Alinijibu kwamba mwalimu hajawahi kuanza somo asilimalize, na akaniambia nipunguze mdomo.

Kazi kubwa kwa sisi Wamatengo huitiwa ngokela. Mwenye kazi anapika, majirani wanafika asubuhi na majembe yao, wanachimba ngolo zake, yale mashimo yetu ya kulimia kwenye mteremko, mpaka jua linapopinduka, kisha wanakaa chini na kula pamoja. Hakuna anayelipwa, ila kesho wewe ukiita, wenzako wanakuja. Chakula chake si ujira. Ni heshima ya mwenye kazi. Ndiyo maana tunafunzwa tangu wadogo kwamba ukiulizwa kama ulikula kwenye ngokela ya mtu, husemi nilionja, husemi kidogo, husemi sikumbuki. Unasema tulikula, tukasaza. Unasema hivyo hata kama maharage yalikuwa mabichi. Kusema vinginevyo ni kumtangaza mwenzako kuwa mchoyo, na uchoyo huku kwetu ni aibu wanayoirithi watoto.

Mwalimu akaita ngokela ya senta. Alishachukua fomu ya kugombea. Watu wenye akili za mjini wameniambia baadaye kwamba ulikuwa ujinga mtupu, mgombea hapikii watu wakati kama ule, sheria inakataza. Inawezekana. Lakini mimi namjua yule mzee. Kuita watu wafanye kazi na kuwaacha warudi kwao na njaa, hilo asingeliweza, angeona heri asigombee. Nadhani hata hakufikiri. Alifanya kama baba yake alivyofanya kila mwaka shambani.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, baridi imeshika, na watu walikuja mpaka wengine nisiowategemea. Wanaume walipanda kwenye vibanda wakang'oa mabati, wanawake wakanyoosha misumari iliyopinda kwa mawe, vijana wakashika mfereji kuanzia juu kwenye kona. Dada alisimama chini ya kibanda chake akipokea bati moja moja, na kila moja alilijua. Hili nililinunua mwaka wa ugonjwa wa kuku, hili nilipunjwa, lina tundu. Akayalaza kwenye lundo la pamoja mbele ya mashine. Mchana mwalimu alitoa nguruwe mzima, ugali, maharage na ndoo za togwa. Pombe hakuweka, maana alikuwa mtu wa kanisa. Tulikula tumekaa juu ya mirunda, uwanja umebaki mtupu, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi ulivyokuwa mkubwa. Nilifurahi siku ile. Nasema hivyo ili yaliyofuata yasinifanye niseme uongo.

Kusimamisha nguzo na kuezeka kuliachwa kwa Jumamosi iliyofuata.

Katikati ya wiki wakaja maofisa wawili kutoka mjini kwa gari jeupe. Nani aliwapelekea habari, kila mtu anajua na hakuna mwenye ushahidi. Walikuwa vijana wastaarabu, walituamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaomba viti palepale barazani ninaposhonea. Dada ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa ameketi juu ya ndoo mahali kilipokuwa kibanda chake, ungo wa usipa mapajani. Wakamwita, wakamuuliza kama mwalimu aliwaita watu Jumamosi. Akasema aliwaita.

"Na mlikula, mama?"

Dada alijiweka sawa kwenye kiti. Nilimwona anavyochukulia swali lile. Kwake, vijana wageni walikuwa wanapima heshima ya mwalimu wake.

"Tulikula, baba, tukasaza. Nguruwe mzima. Togwa tulikunywa na nyingine tukabeba nyumbani."

Yule mkubwa wao aliinua kalamu. Mpaka leo naamini alitaka kumpa njia ya kutokea. Alimuuliza taratibu kama labda walikuwa watu wachache tu walioonja. Dada alikunja uso, maana sasa lilikuwa limeshakuwa tusi.

"Hakuna aliyeonja pale. Tulishiba wote. Mwalimu si mchoyo."

Mguu wangu ulisimama kwenye cherehani. Nilihisi kuna kitu kinakwenda kombo lakini sikujua ni kipi, na ningeulizwa mimi ningejibu hivyohivyo. Waliitwa wanawake wengine, na wakawa kama wanashindana. Mama wa chapati alieleza hata utumbo ulivyokaangwa. Kila mmoja akaweka sahihi au dole gumba, wakashukuru, wakaagana. Gari lilipoondoka tulibaki tunasifia adabu ya wale vijana.

Mwalimu alirudisha fomu yake, akawekewa pingamizi, na maneno ya wanawake wale ndiyo yaliyosomwa. Jina lake likaondolewa. Mnunuzi wa kahawa akapita bila kupingwa, na siku ya kura tuliambiwa kwamba kwa udiwani hakuna cha kupigia. Juu ya hayo, mwalimu akafunguliwa kesi ya kuwahonga wapiga kura. Ilipangwa, ikaahirishwa, ikapangwa tena, na mzee akawa anapanda gari la kwenda mjini na koti lake la harusi za watu, kisha anarudi jioni hajasikilizwa.

Mabati yalichukuliwa kabla ya hayo yote, hata Jumamosi ya kuezeka haijafika. Ilisemwa ni kidhibiti, mali iliyotumika kuwashawishi wapiga kura. Tulieleza kwamba ni mapaa ya wauzaji wenyewe, kwamba hakuna hata moja alilolinunua mwalimu, kwamba dada angeweza kuyataja kila moja na mwaka wake. Tukajibiwa kwamba hayo yatasemwa kwenye kesi. Yakapakiwa kwenye Fuso na kufungiwa kwenye stoo ya ofisi ya kata. Ukipita nyuma ya ofisi unayaona kupitia nyufa za mlango, na dada alikuwa anapita.

Alipoapishwa diwani mpya tulikwenda kumwona, mimi na dada, tumevaa vizuri. Alituamkia kwa heshima na kutupa soda. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kesi haimo mikononi mwake, na zaidi ya hapo uwanja ule umeshatengwa kwa soko la kisasa, kwa hiyo hata mabati yakirudi hakutaruhusiwa vibanda vya ovyo pale. Mpango wetu ni mkubwa, mama zangu, alisema, vumilieni. Sikuona ubaya usoni mwake. Niliona mtu ambaye jambo letu halimfiki, na nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo hata leo nikiandika haijaniisha.

Mvua zilianza kama zinavyoanza huku, bila kubisha hodi. Mfereji ulikuwa umechimbwa nusu na hakuna aliyethubutu kuumalizia, ukawa unakusanya maji ya mlimani na kuyamwaga katikati ya soko badala ya kuyapeleka bondeni. Wauzaji wengine walihamishia biashara majumbani. Wauza nyanya wanaweza, wauza mboga wanaweza. Dada alifunga turubai kwenye miti mitatu, likajaa maji likapasuka hata mwezi haujaisha. Akajaribu kutembeza, beseni kichwani limefunikwa nailoni, nyumba hadi nyumba kwenye vilima vile vinavyoteleza. Alirudi jioni amelowa mpaka kwenye mifupa, na usipa wa juu wakavu, wa chini wameanza kushikana. Wa chini tuliwatupa. Harufu yake ilikaa chumbani kwake siku nyingi, na mwenye nyumba akalalamika.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa mvua. Senta ilitafuta mtu wa kumtupia lawama na haikwenda mbali. Wanawake wote walijibu sawasawa, lakini dada ndiye aliyeanza, na dada ndiye aliyesema si mchoyo, maneno ambayo yalisomwa kule mjini mbele ya watu. Akifika kwenye mashine ya kusaga mazungumzo yanabadilika. Mama wa chapati, aliyewaeleza maofisa hadi utumbo, alikuwa anasema mbele yangu kwamba kuna watu ulimi wao hauna mlango. Nilimjibu. Sitaandika nilichomjibu.

Dada alikwenda kwa mwalimu kuomba radhi, akapiga magoti mlangoni. Mwalimu alimwinua. Alisema kosa ni lake yeye aliyepika, kwamba dada alisema kweli na kweli haiombewi msamaha. Dada alirudi akiwa amepoa kidogo. Lakini watu walishabadilika. Majirani walianza kuogopa sahani. Kwenye ngokela za msimu ule niliona watu wazima wakija na viazi vyao mfukoni, wakila wamegeuka pembeni, na mwenye shamba anajifanya hajaona. Wengine waliacha kuja kabisa. Kula kwa mtu kulikuwa kumegeuka kuwa ushahidi.

Mwenye duka la kona, ambaye ana roho nzuri akiwa hajanywa, alimruhusu dada ajenge kibanda kidogo ubavuni mwa baraza yangu, nje ya ule uwanja wa soko la kisasa. Mabati hakuwa nayo tena na uwezo wa kununua mengine hakuwa nao, akaamua aezeke kwa nyasi. Nguzo na nyasi ni kazi ya watu wengi. Nilimshauri tutafute fundi mmoja, nitakata kwenye kushona kwangu. Hakutaka. Alisema ataita ngokela. Nilidhani ni ukaidi. Sasa naona alitaka kujua kama bado ni mtu wa pale.

Alizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba. Wote walimwambia watakuja. Alipika ugali, akachinja kuku wake, na usipa wazuri wa mwisho aliokuwa nao akawaunga kwa nyanya mpaka harufu ikafika barabarani. Nilikopa sahani kwa mwenye duka tukazipanga juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa.

Asubuhi hakuja mtu. Mmoja alituma salamu kwamba anaumwa. Wengine tuliwaona wakipita upande wa pili wa barabara na majembe yao, macho yakiwa chini. Dada aliendelea kuchochea moto na kupunguza moto. Mimi nilikuwa nimeshachukua jembe nianze peke yangu nilipomwona mwalimu akija, suruali imekunjwa, panga mkononi, jembe begani. Tukampa shikamoo. Akaitikia, akauliza nguzo ya kwanza inakaa wapi.

Alichimba mashimo yote. Tulimwomba apumzike hakupumzika. Mimi nilishika mirunda, dada akashindilia mawe na udongo, na jua lilipopinduka kibanda kilikuwa kimesimama mifupa yake, bado nyasi tu. Tulizungumza habari za shule ya zamani. Dada alicheka, nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kiangazi. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa.

Akaleta jagi la maji ya moto na beseni, akapiga goti, akammiminia mwalimu mikononi. Mwalimu alinawa vizuri, vidole kimoja kimoja, kama anavyonawa mtu anayekwenda kula. Kisha akajifuta kwenye suruali, akainama akaokota jembe lake. Alikuwa hajala kitu tangu alipofika, na anakaa peke yake, hakuna aliyemwashia moto asubuhi.

"Nimekula nyumbani, mwanangu," alisema. "Kesi bado haijaisha."

Dada hakumbembeleza. Mwalimu alimshukuru kwa maji, akatuaga wote wawili, akashika njia ya kwao taratibu kwa sababu ya mgongo. Dada alibaki amepiga goti na jagi mkononi, anamtazama. Alipopotea kwenye kona ndipo akasema.

"Naye ananiogopa."

Matone yalianza, tukaingiza sahani ndani. Nyasi hakuzikata. Asubuhi yake alifunga vyombo vyake kwenye khanga, akamrudishia mwenye nyumba ufunguo, akapanda gari la kushuka ziwani, kwenye jiko la shemeji.